Springi Iliyofika Baada ya Wiki Saba

Mwanangu Minza,

Watu huanza barua kwa kuulizana hali. Hali yako naijua, maana nakusikia hapo uani ukicheka na shangazi yako anayekusuka, na kila akikuvuta nywele unapiga kelele zilezile za utoto wako. Hali yangu si nzuri. Nimejifungia chumbani tangu tumalize kula mchana. Nimemwambia shangazi yako nataka kujinyoosha kidogo, lakini hii ni karatasi ya tatu, mbili nimezichana.

Kesho unapanda treni kwenda Tabora kusomea ualimu. Habari za kufunga sanduku, za kutopokea chakula cha watu usiowajua, za kuwaamkia walimu wako, hizo shangazi yako ameshakuambia mpaka umeanza kumwigiza. Mimi nina jambo jingine. Linamhusu mama yako, na linamhusu mdogo wake, mjomba wako Luhende, ambaye labda unamkumbuka kidogo: ndiye aliyekuwa akikubeba mabegani tulipoishi mgodini.

Umekua ukijua kwamba mama yako alituacha kwa sababu alichoka na maisha ya mgodini. Nilikuambia hivyo ukiwa na miaka mitano, umenishika suruali, unamlilia mama, unaniuliza mayu amekwenda wapi. Ulipofika miaka kumi ukaniuliza tena. Nikakujibu vilevile, na safari hiyo nikaongeza kwamba hataki kutuona. Si kweli, Minza. Mama yako aliondoka kwa sababu yangu, na wewe hakukuacha kwa kupenda. Mimi ndiye niliyekuzuia.

Nianze na pampu, kwa kuwa mambo yote yalitokea hapo.

Niliporudi kutoka vitani nilikuwa fundi. Jeshini niliwekwa kwenye karakana ya magari, nikajifunza kufungua injini na kuirudisha nikiwa nimefumba macho. Nikapata kazi kwenye mgodi mmoja mdogo wa dhahabu upande wa Geita. Mzungu aliyeusimamia hakuwa na mashine nyingi, na zile alizokuwa nazo zilikuwa kuukuu. Nikazifufua moja baada ya nyingine. Watu wakaanza kusema, "Fundi Mabula hashindwi na chuma." Nilipenda kusikia maneno hayo kuliko ninavyoweza kukueleza. Nilikuwa nikipita kambini polepole makusudi, ili niyasikie.

Mwaka mmoja Mzungu akaleta pampu iliyokuwa mali ya jeshi, ya kuoshea magari. Iliendeshwa na injini ndogo ya petroli. Maji yaliingia upande mmoja, yakabanwa, yakatoka kwenye mpira mrefu wenye bomba la chuma mwishoni, kwa nguvu inayoweza kung'oa tope lililokauka mwezi mzima. Tukaitumia kuoshea malori, na zaidi kuoshea mawe ya dhahabu ambayo udongo mwekundu ulikuwa umeyafunika, yaonekane kabla ya kupelekwa kusagwa. Kazi ya watu kumi ikawa ya mtu mmoja.

Mtu huyo alikuwa Luhende. Nilimtoa mwenyewe kwao, Nyahanga, Kahama. Bibi yako mzaa mama hakutaka aende. Nilimwambia, "Mama, huyu atakuwa chini ya macho yangu." Ndivyo nilivyosema, kwa maneno hayohayo. Luhende alikuwa na miaka ishirini na mbili hivi, mrefu, mcheshi, mwenye sauti nzuri ya kuimba. Alilishika lile bomba kama mtu aliyezaliwa nalo.

Pampu ilikuwa imechoka tangu ilipotoka jeshini. Kwanza zilikwisha zile ngozi za ndani zinazosukuma maji. Vipuri vyake havikuwapo Geita wala Mwanza, basi nikachukua ngozi ya ng'ombe, nikailoweka kwenye mafuta siku tatu, nikaikata kwa kisu na kuikandamiza kwenye kikombe cha chuma mpaka ikapata umbo. Zikafanya kazi vizuri kuliko zile za kiwandani. Gasketi nikazikata kwenye mpira wa ndani wa gurudumu la lori. Kila nilipofanya hivyo sifa ziliongezeka, na kichwa changu nacho kikawa kikubwa.

Kisha ikavunjika springi ya valvu. Nikueleze vizuri hapa. Pampu ya namna ile ina tundu la pembeni lililozibwa na valvu, na valvu hiyo inashikiliwa na springi yenye skrubu ya kuikaza au kuilegeza. Presha ikizidi ndani, springi inaachia, maji yanapata pa kutokea. Springi ikiwa laini, pampu haina nguvu. Ikiwa ngumu kupita kiasi, maji hayana pa kukimbilia, na kitu fulani lazima kipasuke. Ile ya zamani ilikatika vipande viwili. Springi si kitu unachoweza kukikata kwenye ngozi.

Mzungu akaniuliza, "Fundi, itachukua muda gani?" Wakubwa wake walikuwa wanakuja kukagua mgodi. Ningeweza kusema sijui. Nikasema, "Siku tano, Bwana."

Nikapanda lori, tukapita Bugarama na Kahama mpaka hapa Shinyanga. Wakati ule palikuwa na mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa na uwanja wa vyuma chakavu nyuma ya maduka, tukimwita Mzee Jivan. Alikuwa na vipande vya kila gari lililowahi kufia barabara zetu. Nilipekua madebe yake siku nzima, naipima kila springi na vile vipande vyangu viwili. Nyingine zilikuwa fupi, nyingine nene. Mwisho nikapata moja iliyoingia sawasawa kwa urefu na upana. Ilitoka kwenye injini ya lori. Nikaibana kwa vidole, haikubonyea. Mzee Jivan akaichukua, akaibana yeye, akatikisa kichwa.

"Hii gumu sana, fundi. Hii nafaa injini. Pampu yako tashindwa pumua."

"Nitailegeza kwa skrubu," nikamwambia.

"Skrubu talegeza kidogo tu. Mimi naandika barua Nairobi, wale leta springi sahihi. Wewe ngoja."

"Muda gani?"

"Wiki sita. Pengine saba."

Nilimwambia aandike. Hata hivyo nikaondoka na ile ya lori mfukoni. Minza, nilikuwa najua. Sitaki ufike Tabora ukijiambia kwamba baba yako alikosea kwa kutokujua. Vidole vyangu vilinieleza, na yule mzee akanieleza kwa kinywa chake. Lakini nilikuwa nimesema siku tano.

Nikarudi siku ya tano, vumbi mpaka kwenye kope, watu wakanishangilia. Nikaifunga ile springi, nikalegeza skrubu mpaka mwisho, nikawasha injini. Geji ya presha ilikuwa imekufa siku nyingi, mshale wake umelala chini. Luhende akaja akasimama pembeni yangu.

"Shemeji, hii geji si uitafutie nyingine nayo? Tutajuaje imejaa?"

"Geji ni pambo," nikamwambia. "Fundi anasikiliza mashine."

Akacheka, akaamini. Kwa nini asingeamini? Nilikuwa shemeji yake, na nilikuwa Fundi Mabula.

Siku ya kwanza ikaenda vizuri. Ya pili pia. Wale wakubwa wakaja, wakaiona pampu inavyorusha maji, Mzungu akanishika bega mbele yao. Siku ya tatu, kama saa nne asubuhi, Luhende alikuwa akiosha mawe. Mama mmoja aliyekuwa akituuzia uji akapita mbele yake na sufuria kichwani. Luhende akafunga koki ya bomba asimloweshe. Hilo tu. Alimfanyia mwenzake hisani. Injini ikaendelea kusukuma, maji hayana pa kutokea, na springi yangu haikubonyea. Mimi nilikuwa hatua kumi hivi. Niliisikia mashine ikibadilisha sauti. Nilisikia, mwanangu, maana kweli nilikuwa fundi wa kusikiliza. Nikafungua mdomo nimwite. Kile chuma kinachounga mpira na bomba kikachomoka kabla jina lake halijanitoka, kikampiga usoni.

Sitakuandikia nilichokiona. Tulimlaza kwenye lori, kichwa chake juu ya mapaja ya mama yako, njia nzima mpaka hospitali ya Kolandoto. Wewe tulikuacha kwa jirani. Njia nzima Luhende aliuliza swali moja tu: "Yule mama hakuumia?" Waganga walifanya kila walichoweza na walimtunza vizuri, lakini macho yote mawili yalikuwa yamekwisha.

Nimekusimulia yaliyotokana na kiburi. Sasa nikusimulie yaliyotokana na woga, maana hayo ndiyo mabaya zaidi.

Niliporudi mgodini Mzungu aliniita ofisini. Mbele yake palikuwa na karatasi. Akaniuliza kwa nini valvu haikufunguka. Nilifikiri kazi, nilifikiri jela, nilifikiri watu watasema nini kambini nikipita. Nikasema, "Luhende alikuwa na tabia ya kukaza skrubu ya valvu, apate maji yenye nguvu zaidi. Nilimkataza mara nyingi."

Akaandika. Akanisomea alichoandika, akaniuliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli. Nikatia sahihi. Ndivyo ilivyoandikwa kwamba mjomba wako aliumia kwa uzembe wake mwenyewe, na mgodi haukuwa na deni lolote kwake.

Mama yako alikaa Kolandoto na mdogo wake karibu mwezi mzima. Mtu aliyetoka mgodini ndiye aliyewapelekea habari ya ile karatasi. Siku niliyokwenda kuwaona, mama yako alinipokea nje, chini ya ukuta, akiwa amejifunga kaniki.

"Baba Minza," akaniambia, "Luhende anasema hakuwahi kuigusa skrubu ile. Anasema ulimwambia asiiguse, na yeye hakuigusa. Sasa nakuuliza wewe."

Nikamwambia ukweli. Kwake nilishindwa kudanganya. Nikamweleza habari ya Mzee Jivan na springi ya lori. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakulia.

"Basi rudi ukamwambie Mzungu hivyo hivyo ulivyoniambia mimi."

"Nitafungwa."

"Hujui kama utafungwa. Unachojua ni kwamba kijana wa watu hana macho, na bado umemvika uongo. Nenda ukauvue."

Nikamwambia nitakwenda. Nikarudi mgodini. Siku ya kwanza nikasema kesho. Kila asubuhi nilipita mbele ya ofisi ile, na kila asubuhi nilikuwa na kazi ya haraka mahali pengine. Wiki mbili baadaye mama yako akarudi kuchukua vitu vyake. Akaniuliza mara moja tu, "Ulikwenda?" Nikamwambia kesho. Akaanza kufunga mzigo. Alipokuinua wewe mgongoni, nikakutoa. Nikamwambia ng'ombe wa mahari walitoka kwetu, mtoto ni wa kwetu, na akikuchukua nitakwenda barazani kwa mtemi. Nilijua baraza lingenipa haki. Alikung'ang'ania, ukalia, akaona utaumia tukiendelea kuvutana, akakuachia. Tangu siku hiyo najua kwamba kati yetu wawili yeye ndiye aliyekupenda zaidi.

Aliondoka kwa miguu kwenda kupanda lori. Hukunyamaza mpaka jioni.

Ile springi ya Nairobi ilifika. Wiki saba, kama alivyosema Mzee Jivan, ndani ya bahasha ndogo ya kahawia. Niliibana kwa vidole viwili, ikabonyea kidogo, ikarudi. Nikaifunga. Pampu ikafanya kazi miaka mitano bila matata, na watu wakaendelea kunisifu.

Unakumbuka tulipohamia hapa Shinyanga, nilipopata kazi kwenye jineri ya kuchambulia pamba? Ulikuwa darasa la pili. Mwaka huo mama yako alikuja. Alifika mchana, wewe uko shuleni, kilomita moja tu kutoka hapa. Nikamwambia uko kwa bibi yako mzaa baba, hutarudi mpaka mwezi ujao. Akakaa kwenye kile kizingiti akanywa maji. Akaomba aone mahali unapolala. Nikamwonyesha. Akakunja shuka lako vizuri, akaacha kikapu cha karanga, akaondoka. Uliporudi ulikula zile karanga, ukauliza nani kaleta. Nikasema jirani. Ukaenda kumshukuru jirani wa watu, naye hakujua unamshukuru nini.

Alikuja tena mwaka uliofuata, nikafanya vilevile. Hakuja tena.

Nimekuwa nikitafuta neno la kujiita kwa ajili ya siku zile mbili, na sijalipata. Springi naweza kusema ni majivuno, ofisini naweza kusema nilishikwa na hofu. Lakini mama ameketi kizingitini kwangu, mtoto wake yuko karibu kiasi kwamba kengele ya shule inasikika! Nilimwogopa asije akakueleza. Niliona afadhali ukose mama kuliko mimi nikose heshima machoni pako.

Mwaka jana baada ya mavuno nilikuaga nikisema nakwenda Kahama kutengeneza mashine ya kusaga. Nilikwenda Nyahanga. Nilimkuta Luhende nje ya nyumba anasokota kamba za katani. Ana mke sasa, na watoto wawili. Sikuwa nimesema neno, nilikohoa tu.

"Shemeji," akasema. "Karibu. Kuna kigoda hapo kulia kwako."

Nikakaa. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima na maneno yangu. Yeye ndiye aliyeanza.

"Ile pampu, ilipata springi yake?"

"Ilipata."

"Ilichukua muda gani kufika?"

"Wiki saba."

Mikono yake ikasimama. Kamba ikalala mapajani.

"Wiki saba si nyingi, shemeji," akasema.

Minza, nimepigwa jeshini, nimelazwa na homa mpaka nikaandaliwa sanda. Sijapata kuumia kama nilivyoumizwa na maneno hayo, na hakuyasema kwa hasira. Nililia mbele ya watoto wake. Nikamwomba msamaha. Akasema amekwisha kusamehe zamani, kwa ajili ya afya yake mwenyewe, na kwamba kinachomwuma bado ni ile karatasi. Wiki hiyohiyo nilikwenda Geita. Mgodi umefungwa, ofisi imebaki kuta, Mzungu amerudi kwao, na karatasi hakuna anayejua iko wapi. Nilikwenda kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, nikamwandikia ukweli wote, nikatia sahihi. Akaniambia mambo yenyewe ni ya zamani mno, akaiweka barua yangu kwenye faili. Nakala nilimpelekea Luhende, akasomewa mbele ya majirani kama alivyotaka. Nilikuwapo. Niliyakubali yote mbele yao.

Mama yako, anayeishi hapohapo kwa mdogo wake, hakutoka kuniona. Alisema nami akiwa ndani, nyuma ya pazia. Sauti yake haijabadilika.

"Usiniombe mimi msamaha, Baba Minza, kabla hujamwambia mtoto."

Hiyo ni miezi saba iliyopita. Kila Jumapili nilisema leo. Unaona nimeifikisha mpaka siku ya mwisho, jinsi nilivyozoea.

Nilikuwa nimepanga kukupa barua hii kesho, kupitia dirishani, treni inapoanza kuondoka. Niliufurahia mpango huo mpaka nilipotambua kwamba ni kitu kilekile tena: nikuachie mzigo wako nami nikimbie. Kwa hiyo nakupa leo kabla ya chakula cha jioni, kungali na mwanga wa kusomea. Nitakaa nje pale ninapotengenezea baiskeli. Njoo uniulize chochote. Ukinitukana nitasikiliza. Ukiona huwezi kunitazama, pita tu; kesho nitakubebea sanduku mpaka stesheni na sitakulazimisha useme.

Sikupi mashauri, maana sina haki ya kuyatoa. Nakuomba kitu kimoja: utakapokosea huko uendako, na utakosea, sema siku ileile. Sema hata kama sauti inatetemeka. Mimi niliacha siku moja ipite, zikapita kumi na nne, zikawa miaka.

Na lingine la mwisho. Treni yako itasimama Isaka. Nilimwandikia mama yako, mwalimu wa pale Nyahanga akamsomea, na jibu lilinifikia juzi. Atakuwa hapo kwenye jukwaa, na Luhende atakuja naye. Shule haifunguliwi mpaka Jumatatu. Ukitaka kushuka ukakae nao siku hizo, shuka. Shangazi yako anajua, na tiketi ya kuendelea na safari utaipata palepale. Ukitaka kumwona kupitia dirisha tu, hilo nalo ni juu yako.

Hana picha yako hata moja. Nilimweleza jinsi ulivyo sasa. Nilimwambia asihangaike kutafuta mtoto mdogo kwenye madirisha, amtafute mwanamke mrefu mwenye uso wake.

Baba yako,
Mabula